Paka kakamata popo chumbani alikolala mtoto, nifanyeje?

mamaWawili: Wakuu naombeni msaada wa haraka. Alfajiri hii nimesikia purukushani chumbani kwa mtoto, nawasha taa nakuta paka kambana popo chini ya kitanda, bado mzima anapigapiga bawa moja. Mtoto ana miaka 4, alikuwa kalala fofofo, nimemkagua mwili mzima sioni alama. Popo nimemfunika na ndoo. Mume wangu anasema kichaa cha mbwa ni cha mbwa, popo hana, nitulie. Ni kweli?

Kisima: Pole sana dada. Hapo shemeji kateleza, jina la ugonjwa ndo linatuponza. Kirusi hiki kinashika mnyama yeyote anayenyonyesha. Ni kweli duniani watu karibu wote wanaokufa nacho waling'atwa na mbwa, mpaka 99 kwa 100, lakini Marekani kwa mfano popo ndo wanaoongoza kuua. Na jino la popo ni kama ncha ya sindano, anaweza kukung'ata usingizini usijue na asubuhi usione kitu. Kwa hiyo kutoona alama kusikutulize, mpeleke mtoto hospitali LEO, usisubiri dalili maana zikishaanza karibu hakuna anayepona.

dokta_wa_wanyama: Huyo popo usimshike mkono mtupu na tafadhali usimponde kichwa, maabara wanapima ubongo. Vaa glavu nzito, ingiza karatasi ngumu chini ya ndoo, mhamishie kwenye boksi. Akipimwa hana, mtoto anaachishwa sindano.

mamaWawili: Sindano si ndo zile za tumboni jamani?? Na paka je, chanjo yake imepita muda miezi kadhaa.

dokta_wa_wanyama: Za tumboni zilishaachwa zamani, siku hizi ni begani au pajani, kawaida siku ya 0, 3, 7 na 14. Paka naye achomwe ya kurudia leo leo halafu mumwangalie kwa wiki kadhaa, na mate yake msiyaguse.

Kijukuu: Kwangu popo wako darini miaka yote, niwafukuze?

Kisima: Kuwaona tu au kinyesi chao hakukupi kichaa, na wengi hawana. Ziba upenyo wa kuingilia vyumbani. Ila ukikuta popo kaanguka chini hawezi kuruka, au yuko nje mchana kweupe, huyo muogope.

mamaWawili: Tumerudi, kachomwa ya kwanza, kalia kidogo tu. Popo kapelekwa kupimwa. Mungu awabariki.