Naomba ushauri: waya wa eksileta umelegea, Corolla 110 otomatiki

Wakuu habari zenu. Gari ni Corolla 110, injini 5A, gia otomatiki. Pedali ya mafuta inashuka mwanzoni bila injini kuitika, halafu inashtuka ghafla. Kwenye foleni ni kero tupu.

Fundi mmoja alikaza zile nati mbili pale waya unaposhikwa karibu na throto (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini). Ulegevu ukaisha, ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikapanda hadi 1,500 kwa dakika na haishuki hata injini ikipata moto. Nadhani kavuta mno, kipepeo cha throto hakifungi chote. Nimerudisha nati kidogo, sasa ipo 800 lakini ulegevu umerudi nusu.

Je, injini ikiwa imepoa, waya unatakiwa kucheza kiasi gani? Na kinachonitisha zaidi ni ule waya wa pili unaoshuka kwenye gia boksi: nikigusa wa kwanza, lazima niuseti na huo pia? Nasikia ukilegea presha ya oili inapungua, gia zinateleza na kuungua. Kwa bei ya gia boksi siku hizi, sitaki kubahatisha.

Ganda la waya wa eksileta nalo limepasuka karibu na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Ninunue mpya au wa mtumba unafaa?