Gereji ya mtaani, VETA au stashahada: kijana anayetaka umakenika aanzie wapi?

Mjomba wa Msamvu

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wenu kuhusu mpwa wangu, kijana wa miaka 18, aliyemaliza kidato cha nne akiwa na alama D nne, mojawapo ya Fizikia. Tangu akiwa shule ya msingi hapiti penye gari lililofunguliwa boneti bila kusimama, na sasa ameniambia wazi kwamba hataki kusomea kitu kingine isipokuwa umakenika wa magari. Mama yake ni mjane na mimi ndiye nitakayebeba gharama, kwa hiyo sitaki tukosee mwanzoni.

Njia zilizo mbele yetu ni tatu. Ya kwanza ni fundi wa hapa Morogoro ninayemwamini, ambaye yuko tayari kumpokea kwenye gereji yake hata kesho, kwa sharti kwamba kijana ajitegemee chakula katika miezi ya mwanzo. Ya pili ni kumpeleka VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi, asome ufundi wa magari hadi apate cheti. Ya tatu ni kuomba nafasi katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au Chuo cha Ufundi Arusha, aanze ngazi za chini na kupanda hadi stashahada. Ningependa kusikia kutoka kwa waliopita njia hizi: kijana anajifunza nini hasa, na akimaliza anaajiriwa wapi?

Makenika wa Gerezani

Mjomba, nimo katika kazi hii kwa miaka 22 na sikupita chuo chochote, kwa hiyo nitaeleza njia ya gereji kama ninavyoijua, mazuri yake na mabaya yake.

Miezi ya kwanza kijana wako atakuwa spana boi. Ataosha vipuri kwa dizeli, atashika tochi, atatumwa spea, na atajifunza majina ya spana kwa kuambiwa "lete namba 14" huku fundi akiwa chini ya gari. Watu huidharau hatua hii, lakini ndiyo inayofundisha sikio na jicho. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kutofautisha mlio wa bolijointi iliyochoka na ule wa beringi ya tairi kabla gari halijasimama. Faida nyingine ni wingi wa magari, kwa sababu kwa wiki moja tu atakutana na IST yenye mtikisiko, Hiace inayotoa moshi mweusi na Noah isiyoingia gia, na kila gari lina mwenye gari anayesubiri majibu. Hapo anajifunza pia kuzungumza na mteja, jambo ambalo ndilo litakalomlisha akifungua gereji yake.

Ubaya wake ni kwamba utajifunza makosa ya mwalimu wako pamoja na ujuzi wake, na hutajua lipi ni lipi. Nilifundishwa kukaza bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa hisia ya mkono, na nilifanya hivyo kwa miaka minne nikiamini kwamba mkono wangu hauongopi. Kisha ikarudi injini ya Toyota aina ya 1NZ niliyoifunga wiki tatu kabla, oili yake imechanganyika na maji hadi imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Niligharamia gasketi na kazi yote kwa fedha yangu. Mzee mmoja wa gereji ya jirani ndiye aliyenionyesha toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, akanieleza kwamba bolti za injini ile hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza hadi nyutoni mita 29, halafu kila moja inazungushwa nyuzi 90, na kisha nyuzi 90 nyingine. Ukianza pembeni, hedi haikai sawasawa juu ya gasketi, na maji yatapata pa kupita. Maelezo hayo yalichukua dakika kumi, nami nilikuwa nimeyakosa kwa miaka minne kwa sababu aliyenifundisha hakuwahi kuelezwa naye.

Mwalimu wa Karakana

Ninafundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi, na ninakubaliana na Makenika kwa sehemu kubwa. Mafunzo ya VETA yana ngazi tatu, na mtihani wake unampima mwanafunzi kwa kile anachoweza kukifanya kwa mikono, kwa mfano kuweka taiming (kupatanisha mwendo wa valvu na pistoni), kupima mgandamizo wa silinda au kutoa hewa kwenye mfumo wa breki. Mwanafunzi hufundishwa pia sababu ya kila hatua, hufundishwa usalama, na hupelekwa mafunzo kwa vitendo kazini kabla ya kumaliza.

Hata hivyo, ni lazima niwe mkweli kuhusu upungufu wetu. Vyuo havilingani. Kabla ya kulipa ada, mjomba, nenda ukaione karakana kwa macho yako, uulize wanafunzi wangapi wanatumia injini moja, na uombe uwashiwe mojawapo. Injini iliyowekwa juu ya stendi, ikafunguliwa na kufungwa mara mia bila kuwashwa, inamfundisha kijana majina ya vipuri, lakini haimwonyeshi iwapo alichokifunga kinafanya kazi. Nimewahi kupokea vijana waliohamia kwetu kutoka chuo kingine, wakiwa na alama nzuri za darasani, ambao hawajawahi hata siku moja kusikia injini waliyoifunga wenyewe ikinguruma.

Kuna njia mbili ambazo hukuzitaja. Ya kwanza ni uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Serikali imekuwa ikiwafadhili vijana kwa mtindo huu kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na nafasi hutangazwa mara kwa mara, hivyo fuatilia matangazo. Ya pili inamhusu zaidi Makenika: fundi aliyejifunza gereji anaweza kuomba VETA impime kupitia urasimishaji wa ujuzi, na akifaulu anapewa cheti bila kukaa darasani upya kwa miaka. Watu wengi wenye uwezo mkubwa hawaijui njia hii, au wanaona haya kuiomba kwa sababu ya umri.

Dada Fundi Arusha

Shikamoo mjomba, na wengine habari za kazi. Mimi nilipita njia ya tatu. Nina stashahada ya magari na ninafanya kazi kwenye karakana inayohudumia magari ya kubebea watalii, mengi yakiwa Land Cruiser za injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita.

Nitasema kwanza kilichoniumiza. Nilipoanza kazi, kijana wa miaka 20 asiye na cheti chochote alikuwa anashusha giaboksi ya Land Cruiser wakati mimi bado natafuta bolti ya juu iko wapi. Mikono yangu ilikuwa mizito, na ilinichukua mwaka mzima kumfikia. Kama wakati wa likizo za chuo ningekuwa ninakwenda gereji, mwaka ule nisingeupoteza.

Faida ya stashahada niliiona baadaye. Ililetwa RAV4 ambayo taa ya injini inawaka, na mashine ya kupima inaonyesha namba ya hitilafu P0171. Gari lilikuwa limepita gereji mbili, na kote walibadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi, kwa sababu mashine ilitaja jambo linalohusiana nayo. Namba ile haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na kazi ya fundi ni kutafuta hewa hiyo inaingilia wapi au mafuta yanapungukia wapi. Tuliiwasha injini, tukapulizia kidogokidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira ya hewa, na ilipofika mkunjo wa mpira uliopo baada ya sensa ya kupima hewa, mlio wa injini ukabadilika papo hapo. Palikuwa na ufa usiozidi urefu wa kucha, upande wa chini usioonekana. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa mbili, na kilichohitajika kilikuwa kipande cha mpira.

Kuhusu ajira, stashahada inakufikisha kwenye usimamizi wa karakana, ukaguzi wa magari, ukadiriaji wa hasara kwa kampuni za bima, stoo ya vipuri na ualimu. Magari ya mashirika, migodi, halmashauri na kampuni za mabasi yanahitaji watu wa kuandaa ratiba za sevisi na kuandika taarifa, na hapo mwenye cheti kidogo hupata shida ya kupanda hata akiwa hodari.

Jua Kali Nakuru

Kwa upande wa Kenya suala hili linafanana sana na lenu. Fundi wa jua kali, yaani wa gereji za mtaani, anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akaanza gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Mimi nilifanya gredi ya tatu nikiwa tayari nimefungua injini zisizo na idadi, na mtihani wenyewe haukunisumbua. Kilichobadilika ni kwamba kampuni ya malori iliyokuwa imenikataa mara mbili ilinipokea mwaka uliofuata, kwa kazi ileile niliyokuwa nikiijua tangu mwanzo. Mwambie kijana asichelewe kuomba karatasi kama nilivyochelewa mimi.

Mtanzania wa Muskati

Ninaunga mkono. Huku Omani msimamizi aliniomba cheti kwanza, na baada ya kukiona ndipo aliponiweka mbele ya gari na kuniambia nitafute tatizo. Bila cheti nisingefika kwenye gari hilo, na bila mikono nisingelipita. Ajifunze pia Kiingereza cha vitabu vya matengenezo, kwani karibu maelezo yote ya kazi huandikwa kwa lugha hiyo.

Umeme wa Magari

Wachangiaji wote wamezungumzia injini, nami naomba mjomba afikirie miaka kumi ijayo. Katika magari ya sasa, mpaka kati ya makenika na fundi umeme unafutika. Ujerumani waliziunganisha fani hizo mbili kuwa moja mwaka 2003, na mwanagenzi wao husoma na kufanya kazi kwa miaka mitatu na nusu. Sisi bado tuna gereji ambako makenika hashiki waya na fundi umeme hashiki spana kubwa, na gari la mteja linasukumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Magari ya haibridi, yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, yameshafika mitaani kwetu. Betri kubwa ya Toyota Prius nyingi tunazoziona ina volti 201.6, na nyaya zake zina rangi ya chungwa ili ujue kwamba hizo haziguswi ovyo. Kabla ya kufungua chochote upande huo, fundi huzima gari na kuweka ufunguo mbali, huvaa glavu maalumu za umeme, huchomoa plagi ya usalama kwenye betri na kusubiri dakika kumi, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Nimewaona mafundi wazuri wa injini wakitaka kuanza na spana moja kwa moja, na nikawazuia kwa mkono. Somo hili halifai kujifunza kwa kukosea.

Halafu kuna gesi asilia. Dar es Salaam magari mengi na bajaji zinafungwa mfumo wa gesi, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Mtungi wake hujazwa kwa mgandamizo wa takriban baa 200, kwa hiyo anayefunga mabomba lazima awe amefundishwa ipasavyo. Kijana atakayemaliza akiwa anajua injini, umeme na gesi hatakosa kazi mjini.

Mjomba wa Msamvu

Nimesoma kila neno na ninawashukuru sana. Baada ya kuzungumza na mpwa wangu na mama yake, tumeamua hivi. Tutaomba VETA, kwa kuwa masomo huanza Januari na maombi yako wazi sasa, na jana tulikwenda kuitembelea karakana kama Mwalimu alivyoelekeza. Tuliomba injini iwashwe, nayo ikawashwa. Katika miezi hii ya kusubiri atakaa kwa yule fundi wa gereji, na masomo yakianza atakuwa akienda kila Jumamosi na wakati wa likizo. Stashahada tutaifikiria akishapata cheti, na Mwalimu akituthibitishia kwamba mlango huo haufungwi, sioni sababu ya kukimbilia.

Swali langu la mwisho ni kuhusu makubaliano na fundi. Je, niandikiane naye nini?

Mwalimu wa Karakana

Mlango haufungwi, mjomba. Mwenye cheti cha ufundi stadi anaweza kuendelea na ngazi za stashahada akitimiza sifa za chuo anachokiomba.

Makenika wa Gerezani

Andikeni mambo machache, mbele ya shahidi mmoja: siku na saa za kazi, nani anamnunulia viatu vya kazi na ovaroli, nani anagharamia matibabu akiumia, na lini ataanza kupewa posho. Wekeni pia kwamba baada ya miezi mitatu ataruhusiwa kufanya sevisi nzima kwa mkono wake, fundi akiwa amesimama pembeni. Bila sharti hilo kijana anaweza kuosha vipuri mwaka mzima. Mimi niliosha kwa miezi 14.

Halafu mnunulie kaunta buku. Kila jioni aandike tarehe, aina ya gari, tatizo lililoletwa na alichokifanya yeye mwenyewe, na fundi atie saini. Atakapokwenda kupimwa au kuomba kazi, daftari hilo litamwonyesha mwajiri jambo ambalo cheti hakionyeshi.

Mjomba wa Msamvu

Ahsante, kaka. Tumeandikiana jana jioni, na suala la matibabu fundi alilikubali bila ubishi. Daftari limeanza leo. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: "Toyota Raum, bereki za mbele zinalia. Zimebadilishwa pedi. Mimi nilifungua nati za tairi, nikashika tochi."

Saini ya fundi ipo.