Vigae vyangu vimeangukia mtoni kwenye ramani ya GIS

Kigae_Chekundu: Wakuu, salaam. Nimemaliza kukagua uwanda mmoja wenye vigae vya vyungu vya watu wa kale, pointi 214 kwa GPS ya mkononi. Nimeziweka kwenye QGIS, programu ya ramani za kompyuta (GIS), juu ya ramani ya zamani ya karatasi niliyoipiga skani. Zote zimehama upande mmoja, kama mita 200. Kumi na moja ziko katikati ya mto, nami nilisimama ukingoni, viatu vikavu! Nizisogeze kwa mkono?

Mwiko_Mkononi: Usiguse hata moja, mkuu. Kosa la GPS ya mkononi kwa kawaida ni mita chache, tena hutawanyika huku na huku. Zikihama zote kwa pamoja, shida ni datamu, yaani msingi wa vipimo ambao ramani hutumia kutaja mahali duniani. GPS husoma datamu ya dunia nzima iitwayo WGS84. Ramani za kabla ya setilaiti zilipimwa kwa datamu nyingine, na tofauti yaweza kufika mita mia kadhaa. Soma maandishi madogo pembezoni mwa ramani, uiambie programu datamu hiyo unapoipachika ramani mahali pake.

Kigae_Chekundu: Nimeikuta, chini kushoto, herufi kama punje za mchanga. Pointi zimerudi ukingoni! Sasa naona vigae vimesongamana kando ya njia ya miguu. Niandike kwamba makazi yalifuata njia?

Mwiko_Mkononi: Hapo nakusihi utulie. Wewe mwenyewe ulipita wapi? Kama ulifuata njia, ramani inaonyesha nyayo zako, si makazi ya wale watu. Nina data za msimu mzima zisizonifaa kwa hilo hilo: niliandika kila kigae, sikuandika hata shamba moja nililopita nikatoka mikono mitupu. Mpaka leo inaniuma. Kama GPS ilihifadhi mwendo wako, uweke kuwa tabaka lake juu ya ramani, kisha hesabu vigae kwa kila mita 100 ulizotembea. Andika na hali ya ardhi. Kwenye nyasi ndefu vigae havionekani hata kama vipo.

Tabaka_la_Chini: Na mto usiuamini, ndugu. Mito huhama. Linganisha mkondo wa ramani yako na picha ya setilaiti ya sasa. Bondeni, mafuriko huenda yamefukia makazi chini ya tope, kwa hiyo patupu pa juu si ushahidi kwamba hapakuwa na watu.

Kigae_Chekundu: Mwendo upo kwenye kifaa, sijaufuta. Naupakua usiku huu huu.