Watoto wa Bi Mkubwa, Pangani: gumzo kabla ya arobaini

Dada Mkubwa: Assalaam alaykum nyote. Arobaini ya Mama ni Jumapili ya wiki ijayo, khitma baada ya Alasiri, in shaa Allah. Kama tulivyokubaliana msibani, tuandike humu namna Mama alivyokuwa akifanya kazi zake, tena kwa vipimo. Tusiandike "kiasi" wala "kidogo". Kuna wajukuu hawatamkumbuka jikoni. Anayejua aandike, anayeona kosa arekebishe hapo hapo.

Kaka wa Pili: Waalaykum salaam. Tuanze na kibaba, maana vipimo vyake vyote vilipita kwenye lile kopo lenye mdomo uliopinda. Limepimwa dukani: mchele ukisawazishwa kwa kiganja ni gramu 750, ukirundikwa unafika 850. Mama alisawazisha siku zote. Kwa hiyo vibaba vinne vyake, yaani pishi, ni kilo 3.

Kitindamimba: Hapo umefungua mlango, kaka. Waliojaribu vitumbua vyake kwa kibaba cha kurundika walipata rojo gumu, wakaongeza maji, vikanata.

Dada Mkubwa: Basi vitumbua viwe vya kwanza. Mchele kibaba kimoja, uwe wa zamani. Mchele wa mavuno mapya unanata na kitumbua hakiivi katikati. Unaoshwa hadi maji yawe safi, unalowekwa baada ya Isha, unachujwa alfajiri. Nazi kubwa moja iliyokomaa, tui zito vikombe viwili na nusu. Sukari kikombe kimoja, iliki punje nane zimetwangwa, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na wali uliopikwa kiganja kimoja, hata kiporo cha jana kinafaa.

Wifi: Huo wali ndio wengi wanausahau. Unasagwa pamoja na mchele mbichi. Bila huo kitumbua kinakuwa kizuri cha moto tu, kikipoa kinakauka kama kokoto.

Dada Mkubwa: Ahsante wifi. Kusaga: mafungu matatu, kila fungu na sehemu yake ya tui, mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga. Hamira haitiwi kwenye blenda. Mota inapasha rojo moto na hamira inaweza kufa, kwa hiyo Mama aliitia mwisho, rojo likishapoa, akakoroga kwa mkono dakika tano. Kisha linafunikwa. Kiangazi saa moja inatosha. Masika, saa moja na nusu hadi mbili.

Dada Mkubwa: Likishaumuka HALIKOROGWI tena. Unachota kwa upawa kutoka pembeni, taratibu. Ukikoroga unatoa hewa yote na vitumbua vinalala.

Binamu Maskati: Huku Maskati tunatumia tui la kopo na jiko la gesi. Kopo la mililita 400. Tufanyeje, dada?

Dada Mkubwa: Tui la kopo ni zito kuliko kasimile ya Mama, yaani tui lake zito la kwanza, na mara nyingi lina vitu vya kuligandisha. Kopo moja, ongeza kikombe kimoja kasorobo cha maji ya uvuguvugu, ndipo upate uzito wake. Ukilitia lilivyo, mafuta yanajitenga juu ya rojo na hamira inachelewa. Mkipata nazi iliyokunwa ya barafu, bora hiyo. Iyeyusheni, mtie maji ya moto, mkamue kwa kitambaa.

Wifi: Kuhusu gesi: moto wa gesi unapiga katikati tu ya chuma cha vitumbua. Weka bati au kikaango cha zamani chini yake ili joto lienee. Mashimo ya pembeni yakibaki baridi, vitumbua vyake vinanyonya mafuta badala ya kuiva.

Kitindamimba: Na chuma chenyewe, binamu, usikioshe kwa sabuni. Kile cha Mama chenye mashimo saba hakikuguswa na sabuni. Ni kufuta kwa kitambaa kikiwa bado cha vuguvugu, kupaka mafuta ya nazi, kufunika. Chuma kipya kitieni mafuta, kikae motoni mpaka kianze kutoa moshi, kipoe, kifutwe, mrudie mara tatu. Kisipozoeshwa hivyo kitumbua cha kwanza mpaka cha mwisho vitashika.

Dada Mkubwa: Mafuta: kijiko cha chai kwa kila shimo mzunguko wa kwanza, nusu kijiko mizunguko inayofuata. Rojo robo tatu ya shimo. Makaa yawe yameiva na yana majivu juu. Yakiwa mekundu sana kitumbua kinakuwa cheusi nje, uji ndani. Ukiona vitundu juu na ukingo umeachana na chuma, geuza kwa kijiti. Dakika mbili, toa.

Shangazi: Wanangu, mnaandika vizuri. Mie wifi yangu, mama yenu, namjua kwa wali wa nazi. Andikeni: mchele kilo moja, nazi mbili. Nazi inakunwa kwa mbuzi, na hukuni mpaka kwenye ganda. Ukifika pale pa rangi ya kahawia acha, maana pale panatia wali uchungu na rangi ya vumbi. Tui la kwanza unakamua kwa maji kikombe kimoja tu kwa nazi zote mbili, hiyo ndiyo kasimile, iweke kando. Machicha unarudishia maji vikombe vinne, unakamua tui la pili. Wifi yangu alikamua kwa kifumbu, si kwa chujio la plastiki. Kifumbu unakisokota na tui lote linatoka. Chujio unabonyeza kwa kijiko na nusu ya nazi unaitupa.

Shangazi: Tui jepesi linachemka na chumvi kijiko kimoja cha chai. Likitokota, mchele ndani, koroga mara moja. Maji yakianza kukauka na kuonyesha vishimo juu ya wali, mimina kasimile, geuza kutoka chini kwenda juu mara moja, funika. Punguza moto chini, palia makaa juu ya kifuniko. Dakika ishirini.

Kitindamimba: Shangazi, na kwa nini kasimile isitiwe mwanzo?

Shangazi: Ikitiwa mwanzo inakatika kwa kuchemka muda mrefu. Mafuta yanazama chini, sufuria inaungua, na juu wali unabaki mkavu usio na ladha. Na makaa ya juu yawe machache kuliko ya chini mwanzoni, halafu ugeuze: dakika kumi za mwisho ya juu ndiyo yawe mengi. Ndiyo maana ukoko wake ulikuwa wa dhahabu, haukuwa mweusi.

Mama Jirani: Poleni tena wanangu. Shoga yangu Allah amrehemu. Nami niseme la mtungi, maana kila apitaye alikunywa maji pale barazani. Mtungi mpya aliulaza ndani ya pipa la maji siku tatu, kisha akaujaza na kumwaga maji ya siku mbili za kwanza, mpaka harufu ya udongo iishe. Akaufukiza ubani: kaa moja kwenye chetezo, ubani kidonge kimoja, mtungi unapinduliwa juu yake robo saa. Alirudia kila Alhamisi.

Mama Jirani: Ulikaa juu ya kata, yaani ngata, chini yake mchanga uliolowa, upande wa baraza ambako jua halifiki lakini upepo wa bahari unapita. Mtungi unapoza kwa kutoka jasho. Maji yanapenya kwenye udongo, upepo unayakausha nje, ndani yanapoa. Kwa hiyo msiupake rangi! Nimesikia kuna aliyetaka kuupaka mafuta ya rangi uwe kumbukumbu. Ukiupaka umeziba vinyweleo, utabaki chombo cha maji ya uvuguvugu.

Kaka wa Pili: Tumekusikia, Mama Jirani. Hautapakwa.

Mama Jirani: Na usioshwe kwa sabuni. Udongo unainywa sabuni na kuirudisha kwenye maji. Ni mchanga laini na kumbi la nazi, kila wiki. Ukiona utelezi ndani, ni kwamba umeachwa siku nyingi bila kukauka. Unasuguliwa, unaanikwa juani kutwa nzima. Na maji yaliyoingia humo shoga yangu aliyachemsha kwanza. Mtungi unapoza maji, hausafishi maji.

Wifi: La stoo niliseme kwa kifupi. Mchele wa akiba ya miezi mitatu ulianikwa saa chache, ukapoa KABISA, ndipo ukatiwa kwenye pipa na majani makavu ya mwarobaini, konzi moja kila baada ya vibaba vinne. Ukiufungia ungali na joto unatoka jasho, unapata uvundo, na fukusi wanazaliana upesi.

Kitindamimba: Mikeka je? Kuna mmoja umebaki haujaunganishwa, kili, ile mikanda ya ukindu, zimesukwa tu.

Shangazi: Hiyo niachieni mie. Ukindu wake umekauka, hauwezi kushonwa ulivyo. Unyunyizwe maji, ufungwe kwenye kanga iliyolowa usiku mmoja, ulainike. Ukishonwa mkavu unakatika kwenye mishono.

Kaka wa Pili: Sasa tuje kwenye jambo zito. Mchezo. Mama alikuwa kijumbe, msimamizi wa upatu ule, na daftari limepatikana. Wachezaji kumi pamoja na yeye, kila mmoja elfu kumi kila Ijumaa, anayepokea anapata laki moja. Saba wameshapokea, Mama alikuwa wa nne. Wamebaki watatu hawajapata.

Dada Mkubwa: Kwa hiyo Mama ameshapokea laki yake na bado alikuwa na Ijumaa tatu za kulipa.

Kaka wa Pili: Ndiyo. Elfu thelathini. Hilo ni deni la marehemu, na deni linatangulia kabla hatujagusa chochote cha mirathi. Nimelitenga leo kwenye bahasha pamoja na daftari.

Mama Jirani: Mungu akubariki mwanangu. Hao watatu ni watu wa hali ya chini, wamenyamaza kwa heshima ya msiba. Mchezo uendelee Ijumaa hii.

Wifi: Nani awe kijumbe? Kazi ile si kukusanya pesa tu. Mama alikuwa na kanuni zake, na ndizo zilizofanya mchezo usivunjike miaka yote wakati mingine mtaani inakufa mzunguko wa kwanza.

Mama Jirani: Zitajwe basi. Mgeni kwenye mchezo hapati zamu ya mwanzo, anakaa mwishoni mpaka aaminike. Michezo mingi inakufa kwa sababu hiyo: anayepokea mapema akiwa hana mazoea anaona ameshapata, anaanza kuchelewesha, wa mwisho anaumia. Pesa anapewa mwenyewe mkononi mbele ya wachezaji wawili, hapewi mume wala mtoto. Mwenye mgonjwa au ada ya shule anabadilishana zamu, lakini wanaobadilishana wote wawili waje kwa kijumbe. Asiyelipa wiki hiyo, kijumbe anajaza kutoka kwake na kumdai. Na shoga yangu hakuchukua hata shilingi ya ahsante.

Dada Mkubwa: Kuna alama za mwezi kwenye daftari pembeni ya majina mawili. Tumeshindwa kuzielewa.

Mama Jirani: Hao ni wauza dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbaamwezi taa haivuti kitu, mashua zinakaa pwani. Mwanamke wa dagaa wiki ile hana elfu kumi. Kwa hiyo shoga yangu aliwaruhusu walipe mbili wakati wa giza, na mbaamwezi wasidaiwe. Aliangalia mwezi kabla hajapanga zamu, ili wiki ya mbaamwezi asipangiwe mwenye shida kubwa. Atakayeshika daftari ashike na hilo.

Dada Mkubwa: SubhanAllah. Hilo tulikuwa hatulijui kabisa. Mama Jirani, tunakuomba wewe umalizie hizi Ijumaa tatu, kisha wenyewe wachague.

Mama Jirani: Nimekubali. Nileteeni daftari na bahasha Alhamisi.

Kaka wa Pili: Sasa pilau ya khitma. Nimehesabu watu themanini. Mchele kilo 10, nyama kilo 6, vitunguu kilo 2, mafuta lita moja. Tupike kwenye lile sufuria kubwa la msikiti, maji lita kumi na tano?

Wifi: Hapana shemeji. Kwanza, Mama hakupika kilo kumi kwenye sufuria moja. Uzito wa juu unauponda mchele wa chini, chini inakuwa bokoboko na juu kiini. Sufuria mbili za kilo tano tano. Pili, maji hayazidishwi sawa kwa sawa. Kilo moja ya mchele uliolowekwa nusu saa inakunywa lita moja na nusu kwa sababu sehemu kubwa inapotea kwa mvuke. Kilo tano kwenye sufuria nzito, lita sita na nusu, saba zikizidi. Na hiyo ni pamoja na supu ya nyama.

Dada Mkubwa: Wifi yuko sawa. Supu ipimwe kwanza, maji yajazie pengo. Rangi itoke kwenye vitunguu: vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyokolea, taratibu, karibu nusu saa kwa kilo moja ya vitunguu. Vikitolewa vikiwa vya njano pilau inakuwa nyeupe, vikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Bizari nzima kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo ya mchele, nusu inatwangwa, nusu inabaki nzima.

Binamu Maskati: Natuma mchango wa nyama kesho. Na iliki nimempa mtu anayesafiri, nusu kilo.

Kitindamimba: Allah akulipe, binamu. Vifuu vya kupalia vipo magunia mawili, nimevifunika turubai mvua isivipate. Sufuria ya pili tunaazima Bweni, ng'ambo ya mto, kwa hiyo lazima ivuke na pantoni Jumamosi, isiachwe mpaka Jumapili asubuhi.

Shangazi: Azimeni na vifuniko vyake. Mara ya mwisho walileta sufuria bila vifuniko, na vya bati jepesi havibebi makaa.