Vitz ama Boxer, nikibanwa hivi niachilie gani?

Mtu_wa_Utawala
Habari za jioni wazito. Naomba mawazo ya watu walio na akili tulivu maana yangu imechoka. Kazini tumekatwa masaa tangu mwaka uanze, na peslipu ilikuwa ishakondeshwa na makato ya nyumba 1.5% na SHIF ya bima ya afya 2.75%, sasa ikikatwa tena kutoka juu inabaki karatasi tu. Nina rent ya miezi miwili, karo ya watoto wawili, na loni tatu za simu ambazo wenyewe wameanza kumpigia hata shemeji yangu. Jumla ni kama laki moja na themanini ndio nipumue.

Mali niliyo nayo ni gari Vitz ya 2010, injini ya cc 1000, na pikipiki Boxer 150 ambayo nimempa kijana fulani wa steji, ananiletea 350 kwa siku isipokuwa Jumapili. Logbuku zote, yaani hati za umiliki, ziko kwa jina langu na hazina deni. Vitz nimeambiwa laki tano na nusu, Boxer elfu tisini. Naona njia ni kuuza gari, kuuza pikipiki, mkopo wa logbuku, ama Sacco ambako nina shea za elfu sabini. Mama watoto anasema gari isiguswe, mimi naona ndio inatumaliza. Mnaonaje?

Kiboko_ya_Kayole
Uza zote utembee, tumbo pia itapungua.

Mhasibu_wa_Donholm
Kabla watu waanze kukupigia kelele tuandike hesabu. Unafanya kazi wapi na gari inaenda umbali gani kwa siku?

Mtu_wa_Utawala
Upper Hill. Kwenda na kurudi ni kama kilomita hamsini, jamu ikiwa mbaya naweka lita nne. Kwa matatu ni kama 300 kwa siku na kutembea kidogo. Parking ya kazini ni bure.

Mhasibu_wa_Donholm
Sawa. Chukua petroli 180 kwa lita, ingawa hiyo bei usiiamini sana, EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, hubadilisha kila tarehe 14 na kuna ile Oktoba 2023 ilifika 217.36 hapa Nairobi watu wakaacha magari kwa ploti. Lita nne ni 720, toa 300 ya matatu, gari inakuzidi 420 kwa siku. Siku 22 za kazi ni 9,240. Ongeza sevisi, matairi, bima na zile bushi za barabara zetu, weka elfu nne kwa mwezi ukigawanya mwaka mzima. Kwa hivyo gari inakutoa kama elfu kumi na tatu zaidi ya matatu.

Boxer nayo, 350 mara 26 ni 9,100. Lakini hiyo si yako yote. Oili, cheni na sproketi, tairi ya nyuma, bima, na zile siku raida anasema aliumwa. Ukibaki na elfu sita shukuru Mungu.

Sasa angalia. Ukiuza Boxer unapata elfu tisini, nusu tu ya shida, halafu umejifungia mfereji wa elfu sita kila mwezi. Ukiuza gari shida yote inaisha, unabaki na zaidi ya laki tatu na nusu, na matumizi yanashuka. Kwa karatasi hakuna mjadala hapa.

MamaMapacha
Kwa karatasi ya mwanaume. Bwana mhasibu, na watoto wanaenda shule na nini, mbawa? Mwenye thread, nani anawapeleka, na mama watoto anatumia hiyo gari kwa kitu gani kingine? Mbona hiyo hukuandika?

Mtu_wa_Utawala
Hehe mama umenishika. Nawaangusha shule asubuhi nikienda kazi, jioni wanarudi na jirani. Basi ya shule ni 8,000 kwa mtoto kwa muhula. Mama watoto anaoka keki, wikendi anazipeleka na gari, Syokimau, Embakasi, mpaka Ruiru kuna wateja. Hiyo pesa ndio ya chakula ya nyumba kusema ukweli, lakini haijai.

MamaMapacha
Ndio hiyo! Mnahesabu mafuta ya mwanaume kwenda ofisi lakini pesa ya keki inaitwa "haijai". Keki ya ngazi tatu haipandi boda. Mimi nimewahi kuona ya send-off ikifika na boda kutoka Kasarani, ile krimu ilikuwa imehamia ukuta wa boksi na bibi harusi mtarajiwa analia. Elfu kumi na sita za basi ukigawa kwa miezi mitatu ni zaidi ya elfu tano kwa mwezi. Toa hiyo kwa zile elfu kumi na tatu zako. Halafu toa teksi ya keki kila wikendi. Inabaki nini?

Mhasibu_wa_Donholm
Inabaki kama elfu nane kabla ya teksi ya keki. Teksi mbili tatu za wikendi zinakula tena elfu nne hivi kwa mwezi kama anapanga wateja kwa upande mmoja siku moja. Nakubali si elfu kumi na tatu, ni elfu nne. Lakini dada, deni ni laki moja na themanini na inazaa. Gari bado ndio kitu pekee kwa hiyo nyumba inayoweza kuimaliza.

Raida_wa_Roysa
Mimi niko upande wa pikipiki na nitasema kitu hamjasema. Hesabu ya 350 ni nzuri mpaka siku inaibiwa. Boxer ndio wanapenda zaidi, ikiingia kwa mikono ya wale jamaa usiku mmoja imekuwa spea. Na bima ya thadi pati haikulipi hata ndururu pikipiki ikipotea, hiyo ni ya yule umemgonga. Halafu bei yake inashuka haraka kuliko gari, hiyo elfu tisini ya leo mwaka kesho ni sabini kama raida anaipanda bila huruma.

Njia nyingine ni umuuzie huyo huyo kijana polepole. Anakuletea 500 kwa siku badala ya 350, mnaandikiana, logbuku inakaa kwako mpaka amalize. Mtu akijua ni yake atabadilisha oili bila kuambiwa. Steji zetu watu wengi wamepata pikipiki hivyo kuliko zile kampuni za mkopo.

Mhasibu_wa_Donholm
Hiyo ya 500 ni nzuri kwa matumizi ya kila siku lakini haimpi mwenye nyumba rent wiki hii. Na akumbuke jina likiwa lake kwa usajili, sheria inamchukua yeye kuwa mwenye pikipiki mpaka athibitishe vingine. Kijana akigonga mtu barabara ya Outering, barua inakuja Utawala.

Jirani_wa_Syokimau
Kwani logbuku loni si ndio rahisi? Unapata pesa siku mbili na gari unaendelea kuendesha.

Binti_wa_Pili
Rahisi kuingia. Kaka yangu mkubwa alichukua laki mbili, kampuni sitaitaja. Kwanza hakupata laki mbili, walikata ya traka, ya kupima thamani, ya wakili na ya kuweka jina lao kwa logbuku. Riba 4% kwa mwezi, na si ya deni linalobaki, ni ya laki mbili ile ya mwanzo mpaka mwisho. Fanya mwenyewe, elfu nane kila mwezi mara kumi na mbili ni 96,000, kwa hivyo analipa 296,000, karibu elfu ishirini na tano kwa mwezi. Alichelewa kidogo wakaongeza faini, akachelewa tena, gari ikavutwa kutoka parking ya kanisa watu wakitoka misa. Mama yetu alikuwa amevaa sare ya chama cha akina mama, hiyo ndio ilimuuma kuliko gari yenyewe.

Laki mbili hiyo hiyo kwa Sacco ya 1% kwa mwezi, deni likishuka na riba inashuka, kwa mwaka riba yote ni kama elfu kumi na tatu. Elfu kumi na tatu na elfu tisini na sita, gari ile ile, shida ile ile.

Mtu_wa_Utawala
Sacco wananipa mara tatu ya shea, kwa hivyo laki mbili na kumi ingewezekana. Shida ni peslipu. Makato yote hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara, na vile tumekatwa masaa, nafasi iliyobaki ni kama elfu tano na nusu tu. Na wadhamini nao wamechoka na mimi.

Dereva_wa_Apu
Kuna mtu atakuambia uipeleke kwa apu za teksi. Sheria ya 2022 ilisema kamisheni isizidi 18%, sawa, lakini kabla hujapata hiyo teksi unahitaji bima ya PSV, yaani ya gari la abiria, inspeksheni ya kila mwaka, dereva mwenye leseni ya PSV na cheti cha tabia njema, na uwe umefika mwisho wa mwezi na gari isiyo na alama kwa bampa. Kwa mtu anayetafuta pesa ya rent wiki hii usiguse hiyo kitu.

Fundi_Kirinyaga_Road
Nimesoma nikanyamaza lakini naona mnabishana niuze ama nisiuze na hakuna anayesema bei inatengenezwa na nini. Laki tano na nusu umeambiwa na nani? Kama ni broka hiyo ni bei ya mtu aliyesikia rent. Vitz hazikosi mnunuzi hapa Nairobi, spea ziko kila duka la barabara yetu, na magari yaliyopita miaka minane hayaruhusiwi kuingia nchini, kwa hivyo mtu anayeanza na bajeti ndogo lazima arudi kwa hizi zilizo hapa. Ukipata wiki sita za kutulia utaongeza elfu thelathini au arobaini. Ukiuza Ijumaa na mwenye nyumba anakuja Jumamosi unakatwa elfu themanini na unasema asante.

Kitu kimoja. Hiyo injini ni silinda tatu, ikiwa imesimama inatetemeka kidogo kwa asili yake. Maunti, zile raba zinazoshika injini, zikiisha inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza na huwezi kusoma gari ya nyuma ni gani. Mnunuzi anakaa ndani, anaweka D akishika breki, anasikia usukani unapiga mikono, anafikiri injini imekufa. Anatoa bei ya injini mpya. Badilisha maunti, safisha throto, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Usipake rangi, usioshe injini mpaka ing'ae, wanaojua wataanza kutafuta uvujaji unaficha.

Na siku ya kuuza, mtu asipewe gari ajaribu peke yake. Mwache atoe 550 afanye utafutaji wa rekodi eCitizen, ule mtandao wa serikali, aone haina deni. Pesa iingie benki mkiwa wote hapo, si meseji ya simu, ziko meseji za uongo zinafanana na za kweli kabisa. Ikishaingia ndio unaanza transfa kwa akaunti yako, naye anakubali kwa yake. Sheria inawapa siku 14, mimi ningesema msitoke benki kabla haijaisha.

Binti_wa_Pili
Fundi ameongea. Kwa hivyo swali si gari ama pikipiki peke yake, ni unapata wapi wiki sita.

Mhasibu_wa_Donholm
Wiki sita ziko kwa Sacco. Nafasi yako ni elfu tano na nusu kwa mwezi. Mkopo wa elfu sitini kwa mwaka kwa 1% ni kama 5,330 kwa mwezi, unaingia. Hiyo unalipa loni za simu zote ziishe na mwezi mmoja wa rent. Shule uwaandikie, wengi wanakubali karo kwa vipande ukienda mapema kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Boxer ibaki vile iko. Gari uiweke sokoni kwa bei yako, ikiuzwa unalipa Sacco yote mara moja wadhamini wanaachiliwa.

MamaMapacha
Na kabla ya hiyo sokoni keti na mama watoto mwandike pesa ya keki ya miezi mitatu iliyopita, ya kweli. Kama inapita hiyo elfu nne pamoja na mafuta yake, gari inabaki na wewe ndio unapanda matatu. Watoto wanaangushwa na yeye. Hapo umeokoa mafuta ya Upper Hill bila kuuza hata tairi.

Mtu_wa_Utawala
Hii ya mwisho sikuwa nimeifikiria kabisa, na nikiwa mkweli nafikiri ananingoja niseme. Jumatatu naenda Sacco kuulizia hiyo ya elfu sitini. Jioni leo tunaandika za keki. Fundi, maunti ya hiyo gari inauzwaje siku hizi, na nikija Kirinyaga Road nisiuziwe ya kubandika?

Fundi_Kirinyaga_Road
Njoo na ile ya zamani mkononi, ulinganishe raba. Ile imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha shule, achana nayo. Nitumie ujumbe ndani.

Magari_Poa_254
Bosi hiyo Vitz niko na mteja Ruai yuko tayari saa hii na kesh, mwisho 460.

Kiboko_ya_Kayole
Broka amefika, fungeni milango.