Dodoso langu la kichocho linanipa majibu ya ajabu, nimekosea wapi?

dagaa_mkavu:
Wakuu habari za jioni. Niko masta mwaka wa pili, utafiti wangu ni wa kichocho kwenye mialo miwili upande wa Sengerema. Supavaiza alisisitiza nisijifungie maabara, niangalie watu, maji na afya kwa pamoja, kwa hiyo nina dodoso, naokota konokono (ndo wanaobeba vimelea vyake), na nakusanya choo cha kupima kwa Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai ya minyoo kwenye hadubini. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) ninacho, mwenyekiti wa kijiji keshanizoea, huko hakuna tatizo.

Sasa shida ni hii. Nimeshahoji watu 60, swali la 14 linasema "Je, umewahi kuugua kichocho?" na karibu wote wanasema hapana, wengine wanacheka kabisa kama nimewatania. Halafu naenda kwenye hadubini nakuta mayai ya mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, yale yenye mwiba wa ubavuni, kwa watu wengi tu. Kuna mvuvi mmoja nimehesabu 31 kwenye slaidi moja, zidisha mara 24 unapata 744 kwa gramu, hayo ni maambukizi makali, na huyo ndo aliyeniambia "mimi kichocho sijawahi" huku kabeba injini ya mtumbwi begani.

Supavaiza anasema wanaficha kwa aibu, niongeze maswali ya mtego. Mi naona hawafichi kitu. Nimebakiza watu 140, nibadili swali au niende hivyo hivyo data isivurugike?

Mama Kikopo:
Mdogo wangu hao hawakudanganyi, wewe ndo umewauliza ugonjwa mwingine.

Nimezunguka na timu za utafiti kanda ya ziwa miaka mingi, kazi yangu kugawa vikopo na kuhoji, jina hilo nimelipata huko. Mtu wa huko ukimtajia kichocho anaona mkojo wenye damu, basi. Kwa wengi ni ugonjwa wa utotoni, wa vijana waliooga kwenye malambo na madimbwi, ule wa Shinyanga ndani ndani. Na kweli huo upo, ila ni wa haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, na konokono wake ni mwingine, anapenda maji ya kutuama. Cha ziwani ni kichocho cha tumbo, hukai ukakojoa damu hata siku moja. Tumbo linasokota, choo kinalegea, pengine kina damu kidogo, mtu anasema nina amiba au nimekula vibaya, anameza dawa za dukani maisha yanaendelea. Miaka inapita ini na wengu vinavimba, tumbo linajaa maji, anatapika damu, hapo ndo utasikia karogwa. Sasa huyo utamuuliza kichocho akwambie ndiyo kwa lipi?

Nenda pale wanapoanika dagaa ukae na akina mama bila karatasi. Usitaje jina la ugonjwa. Sema mtu tumbo likimsumbua hivi na hivi mnasemaje, na aliyevimba tumbo mnasemaje, uandike maneno yao kama yalivyo. Dodoso litoke hapo, sio kwenye dodoso la mwenzio aliyesoma kabla yako (maana najua ulikolitoa 😄)

Takwimu_Tu:
Mama Kikopo kasema kweli ila dogo usikurupuke. Swali la 14 usiliguse, liache neno kwa neno kwa wote 200. Ongeza 14b, 14c za dalili bila jina la ugonjwa, halafu rudi kwa wale 60 uwaulize hizo mpya tu. Ukilibadili 14 katikati utakuwa na tafiti mbili nusu nusu. Na marekebisho ya dodoso yanarudi kwenye kamati ya maadili kwanza, usianze kuuliza kabla hawajajibu, hata kama ni sentensi moja.

Maswali ya mtego achana nayo. Tena hiyo tofauti kati ya "sijawahi" na mayai 31 ndo tasnifu yenyewe hiyo, we unaiona kama uchafu kwenye data.

konokono_wa_Mbita:
Sisi huku Kenya watu wengi wanasema bilhazia, kwa hivyo shida yako tuliipata kwa njia ingine. Tulikuwa tunapima bilhazia ya tumbo kwa mkojo, kile kipimo cha kadi kinachotafuta antijeni, yaani mabaki ya mnyoo yanayotoka na mkojo, mzee mmoja akatuuliza mbona mnasema iko tumboni na mnataka mkojo wangu? Tukakosa jibu la haraka hapo hapo, wenzake wanne wakaenda zao.

Kitu ilitusaidia ni konokono wenyewe. Chukua wale bapa waliojikunja kama sarafu, waweke kwenye glasi ya maji safi, acha juani masaa mawili hivi. Kama wana maambukizi utaona vidudu vinachezacheza, mpe mtu lenzi aangalie mwenyewe. Baada ya hapo maswali wanauliza wao. Vaa glavu lakini, hayo maji si ya kuchezea.

Mpemba_wa_Wete:
Kwetu swali lako lingekwenda sawa bila tabu, Unguja na Pemba kichocho ni hicho cha mkojo tu, neno na ugonjwa vinaoana. Ule mradi wa kutokomeza ulioanza 2012 waligawa shehia mafungu matatu, wengine dawa peke yake, wengine dawa na kuua konokono, wengine dawa na elimu ya tabia, hakuna aliyesumbuka na jina.

Ila usidharau alivyosema Mama Kikopo. Morogoro 2008 watoto walipewa dawa za kichocho shuleni, uvumi ukazuka kuwa wanakufa, wazazi wakavamia shule. Mtu asipojua unamtibu nini hukuona mshenzi tu.

dagaa_mkavu:
Nimerudi wakuu. Asubuhi nimekaa na wamama pale kwenye chanja kama masaa mawili, nimenuka dagaa hadi sasa hivi. Nilivyoeleza dalili bila jina mmoja akasema "aah, huo ni tumbo la ziwa, kila mtu analo". Kila mtu analo! Na mwingine akauliza "kwa hiyo zile dawa watoto wanapimwa urefu kwa fimbo shuleni ndo za huo? Si walisema za kichocho?"

14b nimeiandika kwa maneno yao, nimetuma kwa kamati, nasubiri. Supavaiza kasoma ujumbe, hajajibu. Kesho naongozana na tabibu wa zahanati kwa yule wa mayai 31, ana kilo 68 kwa hiyo ni vidonge vinne na nusu vya praziquantel, dawa ya kichocho, nimeshampigia simu ale ugali kwanza.

Mama Kikopo:
Ale ashibe. Asinywe chai kavu halafu akapata kizunguzungu ndani ya mtumbwi.