Tupeane uzoefu: chakula cha dahalia (bweni la chuo), wapi mlishiba na wapi mlishindishwa na njaa?

Mtoto wa Konde: Leo nimepita ubavuni mwa jiko la jirani, maharage yanaungua, nikajiona niko dahalia tena na sahani mkononi. Mie nimekula vyuo viwili, diploma Pemba, shahada Unguja. Pemba wali kidogo lakini wa nazi, na Ijumaa hukosi vibua vya kukaanga. Unguja wali kilima, mchuzi maji, ua la chini ya bakuli unaliona hujanawa. Nyie je?

Kijana wa Kibandamaiti: Hilo ua tulikuwa tukiliita mahudhurio. Halikosi hata siku moja.

Ukhti wa Wete: Mmenikumbusha usiku wa masika, yarabi. Kuni zimerowa, mpishi kapuliza mpaka macho mekundu, saa 2 usiku chakula hakijatoka. Maharage mekundu yalitiwa chunguni baada ya laasiri, hata kurowekwa hayakurowekwa. Tukaanza kugonga sahani, naye akapakua kwa hasira. Ukitafuna yanalia kama kokoto. Mie nikala bakuli mbili! Mwenzangu wa chumba hakushuka, kakaa na ng'onda zake za kwao, samaki wakavu.

Ilipofika saa 4, wa kwanza kakimbilia chooni. Wa pili. Wa tatu nikamcheka, wa nne nikawa mie. Vyoo vitatu, wasichana dahalia nzima. Mmoja kakumbatia ndoo anapiga shahada, mara anasita: "Mwambieni mama, khanga zake nimezirudisha." Tunatapika tunacheka. Asubuhi mlezi anatwambia tumekula urojo wa njiani. Na mchana mnajua tulipewa nini? Yale yale, yamepashwa.

Bint Makunduchi: Yale yale! Kwetu pia.

Yakhe Mkweli: Hayo yalitiwa mafuta ya taa. Dahalia zote wanatia, ili msifikirie mapenzi.

Kijana wa Kibandamaiti: Chuo kinachobania nazi kikanunue mafuta ya taa? Na mapenzi yenyewe yalipungua?

Yakhe Mkweli: Bisha tu. Harufu niliisikia kwa pua yangu.

Nesi wa Chake: Mafuta ya taa hayamo. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake yenyewe. Yarowekwe saa 5 au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu, dakika 10 ni kima cha chini, ndipo upunguze moto. Moto wa kusinzia kama wa kuni mbichi unaizidisha sumu badala ya kuiua. Matapishi huja baada ya muda wa saa 1 hadi 3. Huyo ukhti kaeleza kama kitabu.

Yakhe Mkweli: Na ile harufu?

Nesi wa Chake: Kaulize jiko lenu.

Mtoto wa Konde: Jamani, niliuliza chuo gani kinapika vizuri.

Bint Makunduchi: Hakuna. Ila Ramadhani, kwetu muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga, hapo siwasemi. Siku nyengine chukua wali wa chuo, mchuzi nunua nje.

Kijana wa Kibandamaiti: Usinunue nje! Mie deni la mchuzi lilinifanya nizunguke msikiti wa pili kila siku nisionekane.

Bint Makunduchi: Si ungelipa?

Nesi wa Chake: Ukhti, huyo wa ng'onda hakukugaia hata kipande?

Ukhti wa Wete: Angenigaia vipi, na wiki ile ile nilimshitaki kwa mlezi kwamba chumba kinanuka?